Nitafakari Nini?

Jumatatu usiku, nikiwa nimeshavua viatu na kubakiwa na hasira za foleni tu, mwanangu wa darasa la tano aliniletea daftari la Kiswahili. Zoezi lenyewe lilikuwa fupi: "Eleza maana ya neno tafakari, kisha litungie sentensi tatu." Nikacheka kwa dharau. Hesabu za sehemu na desimali huwa nazikimbia kwa kisingizio cha kwenda kununua vocha, lakini Kiswahili? Mimi niliyezaliwa nacho, nikagombezwa nacho, nikatongoza nacho mpaka nikaoa?

"Andika," nikamwambia. "Tafakari ni... ni pale mtu anapotafakari."

Mtoto hakuandika. Alinitazama kama konda anavyoitazama noti ya elfu tano iliyoungwa kwa gundi ya karatasi.

"Baba, mwalimu amesema tusieleze neno kwa neno hilohilo."

"Basi andika kufikiri sana."

"Sana kiasi gani?"

Huko jikoni mama watoto akakohoa. Ana kikohozi chake kimoja ambacho hakihusiani na mafua. Nami nilipoona maji yamenifika shingoni, nikafanya kile kinachofanywa na watu wazima wote wa nchi hii wakikosa jibu. Nikamtolea mtoto macho, nikasema kwa sauti nzito: "Hebu na wewe kwanza tafakari!"

Nilipolisikia neno likitoka kinywani mwangu, nikaona aibu. Maana neno hilo limenichosha siku nyingi, na leo nami nimekuwa miongoni mwa wanaolichosha.

Siku hizi tafakari limekuwa kama kitambaa cha kufutia meza: kila aliyemwaga kitu analivuta yeye. Chukua kundi letu la ukoo la WhatsApp. Saa kumi na moja alfajiri, hata jogoo hajamaliza kujinyoosha, simu inatetemeka. Binamu yangu ametuma picha ya simba aliyekaa juu ya jabali, na chini yake maandishi ya manjano: "Simba hana haraka. TAFAKARI." Watu wanaanza kushusha mikono ya kuomba. Mmoja anaandika, "Nondo hiyo!" Mwingine anaandika, "Ubarikiwe mtumishi."

Nitafakari nini hapo? Kwamba simba hana haraka? Simba hana mwajiri. Angekuwa anasaini daftari la mahudhurio saa moja na nusu asubuhi, tungeiona hiyo haraka yake. Simba hulala na kujinyoosha hata saa 20 kwa siku, na sehemu kubwa ya kuwinda huwaachia majike. Hayo nilimwambia mama watoto kwa ufundi wote, nikidhani namchekesha. Akaacha kukuna nazi, akanitazama kutoka unyayo hadi utosi, akasema, "Sasa hilo ndilo la kutafakari."

Kisha yuko shemeji yangu. Nilimkopesha shilingi 150,000 za wiki mbili. Wiki hizo mbili zimezaa, zimejukuu, na sasa zinaelekea kupata vilembwe. Juzi nikamwandikia ujumbe wa adabu, ule wa kuanza na salamu, kuuliza hali ya watoto, kuuliza mvua, ndipo unaingia kwenye deni kinyumenyume. Akajibu kwa mstari mmoja: "Shemeji, dunia tunapita. Tafakari." Nimetafakari. Nimegundua kwamba ni kweli dunia tunapita, ila mwenzangu anapita akiwa na pesa zangu mfukoni.

Na kazini nako. Mwaka juzi niliomba nyongeza ya nauli, nikapewa barua yenye mhuri inayosema ombi langu limepokelewa na uongozi "unalitafakari kwa kina." Kwa kina! Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470 kwenda chini, na bado wataalamu wameshusha vyombo vyao wakagusa sakafu. Kina cha uongozi wetu hakijaguswa na mtu. Barua yangu ingali inazama.

Basi usiku ule nikaamua nisimdanganye mtoto. Nikaichomoa kamusi chini ya mguu wa kabati, kabati likainama kidogo kama linanipa heko, nikapangusa vumbi. Tukaingia mtaa wa Taf.

Mtaa wenyewe una visa. Nyumba ya mwanzo anakaa tafadhali. Ya pili anakaa tafakari, ubavu kwa ubavu. Wanafuata kina tafiti, tafrani, tafrija na tafsiri, na huko mwisho wa mtaa tafuna na tafuta. Nikamwambia mwanangu tazama ajabu hii: kumfikia tafakari ni lazima upite mlangoni kwa tafadhali, lakini hawa wanaotuamuru tutafakari kila alfajiri sijui wanapitia uchochoro gani, maana hodi hawapigi. Tena tazama kule mwisho. Tafuna ametangulia, tafuta ndiye anafuata. Hata kamusi inajua kwamba wapo watu mjini hapa wanaotafuna kabla ya kutafuta.

"Baba," mtoto akasema, "maana."

Nikasoma. Kamusi ikaniambia kutafakari ni namna ya kufikiri, nenda ukaone fikiri. Nikaenda kwa fikiri, akaniambia mimi na waza ni ndugu, nenda kwake. Nikafunua kwa waza, akanirudisha kwa fikiri. Nikajiona nipo katika ofisi fulani niliyowahi kufuatilia cheti: dirisha namba tatu wanakutuma namba saba, namba saba wanakurudisha namba tatu, na kote kuwili wanakwenda chai.

Kesho yake jioni nikamvizia jirani yetu ustadhi anayesomesha madrasa. Akafurahi kuulizwa, maana wengi tunamfuata kuuliza siku za sikukuu tu. Akanieleza kwamba shina la neno ni herufi tatu za Kiarabu, fa, kaf na ra. Kwenye shina hilo ndiko zilikoota fikiri, fikra, tafakari na tafakuri. Lakini tafakari, akasema, kwao lina shadda juu ya kaf, yaani herufi ya kati inakazwa, inatamkwa kama ziko mbili. Mtu anaikanyaga, hapiti juu juu. Na katika Kurani wanasifiwa watu wanaoutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, siyo wanaoutazama tu wakipita.

Nikaelewa papo hapo tulipopotelea. Neno limevuka bahari salama, sisi tukalipokea, shadda tukaiacha bandarini. Wenzetu wanakanyaga mara mbili, sisi tunateleza.

Ustadhi akaongeza kwamba wapo ndugu waliokuja kwa mkato uleule wa nguo: takabari, tahayari na tabasamu. Nilipokuwa narudi nyumbani nikaona hao wanne wamebeba maisha yangu yote. Jumatatu nilitakabari mbele ya daftari la darasa la tano. Mtoto aliponiuliza "sana kiasi gani," nikatahayari. Sasa nilikuwa njiani nikitafakari. Iliyobaki ni tabasamu, na hiyo ilitegemea kama mama watoto ameshaivisha.

Kwa kweli si maneno yote ya akilini yana cheo kimoja. Nilikuja kuyatenganisha siku hiyohiyo, umeme ulipozimika tukiwa mezani. Si kwamba ulikatika, la. Tulikuwa hatujanunua. Ukiguta "Lo! LUKU!" hapo umekumbuka tu. Ukijiuliza nani aliyepiga pasi mchana kutwa, hapo unafikiri. Ukianza kuhesabu noti zilizobaki na siku zilizobaki za mwezi, ukaona siku ni nyingi kuliko noti, hayo ni mawazo. Ukiyageuza yale mawazo huku na huku kama chapati, upande huu na upande ule, hapo unawaza na kuwazua. Lakini ukikaa mle gizani, ukajiuliza kwa nini nyumba ya watu watano ina chaja tisa, na polepole ukaanza kuona kwamba anayelala na televisheni inawaka siyo mtoto wala siyo mama yake bali ni wewe, hapo ndugu yangu umeanza kutafakari. Utalijua kwa dalili moja: linauma.

Ndiyo maana nashangaa tunavyoligawa kwa upendeleo. Mtu wa kawaida akikaa kimya barazani tunasema "ana mawazo," tunampa pole, na wengine wanaanza kumpigia simu mke wake kuulizia. Mawazo kwetu ni ugonjwa, yanakondesha, yanaleta vidonda vya tumbo. Ila mkubwa akikaa kimya vilevile, juu ya kiti kinachozunguka, tunaambiwa anatafakari, tusimsumbue. Kimya ni kilekile. Tofauti ni kiti.

Na lugha yenyewe inawasaidia. Mwanangu ana kipindi cha sarufi, kwa hiyo alinifundisha hili bila kujua. Vitenzi vyetu vya asili vikikanushwa vinabadilika mwisho: nawaza, siwazi, napika, sipiki. Sikio linajua kabisa kwamba mtu amekataa. Lakini vitenzi vilivyotoka Arabuni havitikisiki: wanatafakari, hawatafakari. Mwisho ni uleule. Sasa tazama ofisini. Uongozi ukitafakari ombi lako na uongozi usipolitafakari, mwisho wake ni uleule.

Halafu weka wakati ujao: tutatafakari. Litamke taratibu. Tu-ta-ta-fakari. Katikati ya ahadi hiyo pamekaa tata, na jambo likishakuwa na tata ndani yake unategemea nini? Watu wengine wanaona silabi zimezidi, wanameza moja, wanasema "nitafakari," na hapo ndipo hujui tena kama mtu ameahidi kwamba atafanya au anaomba ruhusa afanye. Mfadhili wetu wa harusi ya mwaka jana alisema "nitafakari" kwenye kikao cha kwanza. Tumekula ndizi za harusi, bwana na bibi wana mtoto, yeye bado hajasema lipi kati ya hayo mawili.

Ilipofika Jumanne usiku maana nilikuwa nayo nusu, nikaona njia ya kuipata nusu nyingine ni kulitenda lile tendo. Huwezi kumweleza mtu ladha ya ukwaju kwa kusoma kamusi. Nikachukua kigoda, nikakaa barazani, nikaegemeza shavu kiganjani.

Sikumaliza hata dakika. Bi mkubwa, mama yangu mzazi, ambaye amekuja kututembelea wiki moja na huu ni mwezi wa nne, alipiga ukelele kutoka ndani: "Toa mkono shavuni! Unashika tama, nani kakufia? Unatuitia msiba?"

Nikatoa. Wasomaji wa pwani mnalijua hilo. Mtu aliyeshika tama ni mtu aliyefiwa, au anayeomba afiwe. Nikahamisha mkono kwenye kidevu. Mama watoto akapita na ndoo: "Jino limeanza tena?" Nikaacha uso, nikafumba macho. Nikasikia ndani wanaambiana, "Punguzeni redio, baba kalala." Nikafumbua, nikakazia macho dari. Mtoto akaja mbio na ufagio: "Mjusi yuko wapi, baba?"

Pale nikamkumbuka yule Mfaransa, Auguste Rodin, aliyechonga sanamu ya mtu anayefikiri. Aliianza mwaka 1880, iwe juu ya lango lake kubwa la Jehanamu, na leo nakala zake zimetapakaa duniani: mwanamume ameketi juu ya jiwe, kidevu mkononi, uchi wa mnyama, na watu wanalipa kiingilio kumtazama. Angelikaa kwenye baraza yetu, bi mkubwa angemtupia kanga, angemuuliza aliyekufa ni nani, na kabla ya magharibi wanawake wa mtaa wangeshafika na mikeka. Kwetu mtu haachwi kufikiri peke yake. Tunamwonea huruma mno.

Nikahamia nyuma ya nyumba. Huko nikamkuta mbuzi wa jirani amejilaza kando ya ukuta, ametulia kama jaji mstaafu, anacheua. Taya linakwenda kushoto, linakwenda kulia, macho yameingia ndani kwa ndani. Nikamwonea wivu. Mbuzi, kama ng'ombe na kondoo, ana tumbo la vyumba vinne. Anameza majani harakaharaka bila kuyasaga, anayaweka akiba chumba cha kwanza, kisha akipata nafasi ya kutulia anayarudisha kinywani kidogo kidogo na kuyatafuna upya mpaka yalainike. Ng'ombe huweza kutumia saa sita hadi nane za siku yake katika kazi hiyo. Warumi wa kale waliona mfanano huo, ndiyo maana neno lao la kucheua lilitumika vilevile kwa mtu anayelirudia jambo akilini, na Waingereza wamelirithi mpaka leo.

Nikasema haya, huyu ndiye mwalimu. Kumeza siyo kutafakari. Kutafakari ni kulirudisha lile ulilolimeza kwa haraka ukalisaga vizuri. Sisi tunameza taarifa mia kwa siku, simba wa binamu, tetesi za mtaani, sauti za dakika tisa za watu wasiojua kufupisha, na hakuna hata moja inayorudi juu. Tunalala tumevimbiwa.

Nilipokuwa naondoka na hekima yangu, nikaona kwenye ndevu za mbuzi kimeninginia kijani fulani ninachokifahamu. Nikageuka kutazama tuta letu. Yale yaliyokuwa yanatafakariwa kwa utulivu namna ile yalikuwa matembele yangu.

Jumatano nikaenda kijiweni kupunguza uchungu. Pale chini ya mwembe, muuza kahawa akigonga vikombe vyake, wazee wawili walikuwa kwenye bao. Mimi bao nalitazama tu. Nilijaribu kucheza zamani, nikafungwa na mtu aliyekuwa anaongea na simu. Lakini siku hiyo nilitazama kwa jicho jingine, maana hapa ndipo penye shule ya neno langu.

Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32 zake. Mnapoanza namua, kila mmoja huweka kete 10 tu ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 hubaki mkononi, akiziingiza moja moja. Ukiingiza kete moja mahali pasipo pake, inaamsha msafara: unakula, unasambaza, unafika shimo lenye kete, unaendelea, unazunguka, na unaweza kujikuta umemtengenezea mwenzako karamu. Kwa hiyo mchezaji fundi hagusi kitu mpaka ameshazunguka ubao wote kichwani, mara mbili, mara tatu, kwa zamu yake na kwa zamu ya mpinzani.

Yule mzee wa upande wa kulia alikuwa amenyamaza muda mrefu. Vijana watazamaji wakaanza kelele, kama desturi: "Piga, mzee! Takata! Kula hapo kichwani!" Mzee hakushika shavu, hakushika kidevu, hakutazama dari. Alitazama mashimo. Kete moja ilikuwa inajiviringisha baina ya vidole vyake viwili, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi peke yake. Kisha akaidondosha, tik. Kete zikakimbia upande mmoja, zikarudi, zikazunguka, na zilipotua mwenzake akavuta kofia mbele, akasema, "Nimekwisha."

Nikamsogelea na kikombe cha kahawa na kipande cha kashata. "Shikamoo, mzee. Ulipokuwa kimya pale, ulikuwa unatafakari nini?"

"Marahaba, mwanangu." Akanywa. "Shimo la tatu."

"Hilo tu?"

"Wewe ulitaka nitafakari bahari? Mtu hutafakari kitu. Hutafakari mpaka kifike. Kisha anacheza." Akatafuna kashata. "Hawa wanaopiga kelele, wanatafakari mchezo mzima, ndiyo maana hawajui wacheze wapi."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeokota pochi. Mzee alikuwa amenipa sarufi nzima bila ubao wala chaki. Tafakari ni neno linalotaka mzigo. Linataka kitu mbele yake, shimo la tatu, deni, chaja ya tisa. Linataka muda, lakini si muda usio na mwisho. Na mwishoni linataka kete idondoke. Ukikosa kitu, umebaki na simba juu ya jabali. Ukikosa muda, umeteleza bila shadda. Ukikosa kete, umepata barua yenye mhuri.

Nikakumbuka hata Njia ya Msalaba wanayosali Wakatoliki Ijumaa za Kwaresima ina utaratibu huohuo. Vituo ni 14, na kila kituo kina tafakari yake ya jambo moja, watu wanapiga magoti, wananyamaza, kisha wanasimama wanasogea cha mbele. Hakuna anayesimama katikati ya kanisa akasema "Tafakari!" halafu akaenda zake nyumbani. Msikitini, kanisani na kwenye bao neno hili bado lina heshima yake. Limevunjiwa heshima na sisi wenye simu.

Usiku wa Jumatano tukaiandika ile maana, mimi na mwanangu, kwa mwanga wa umeme tulioununua: "Kutafakari ni kulirudia jambo moja akilini, taratibu na kwa umakini, mpaka uone upande ambao hukuuona mwanzo, ili uamue la kufanya." Nikampigia saluti. Sentensi tatu nikamwachia atunge mwenyewe, kwa kuwa mzazi mwema hamfanyii mtoto kazi yote, na kwa kuwa mpira ulikuwa umeanza.

Ijumaa daftari likarudi limesahihishwa. Maana ilipata vema kubwa. Sentensi ya kwanza: "Baba alitaka kutafakari lakini bibi alimwambia aondoe mkono shavuni." Vema. Ya pili: "Mbuzi alitafakari matembele yetu yote." Hii ilipigwa mstari mwekundu na pembeni mwalimu ameandika: "Mbuzi hatafakari." Mwalimu hajamwona huyu wetu, lakini sikubishana, kwa sababu macho yalikuwa yameshafika kwenye sentensi ya tatu: "Mjomba anatafakari deni la baba tangu nikiwa darasa la nne." Vema, na chini yake mwalimu ameongeza kwa mkono wake: "Mfano mzuri."

Mama watoto aliisoma hiyo ya tatu, kaka yake huyo, akakohoa kile kikohozi. Kisha akatabasamu, na mimi nikatabasamu. Ndugu wanne wa ustadhi wakawa wametimia.

Kwa hiyo msomaji wangu, sina ugomvi na neno. Nina ombi moja tu. Ukinitumia tafakari alfajiri, anza na tafadhali, kisha weka na kitu cha kutafakari. Usinipe kamba isiyo na ng'ombe. Na wewe shemeji, ambaye najua unasoma safu hii kwa sababu gazeti unalisoma hapa kwangu bure kila Jumapili, kitu chako ni hiki: shilingi 150,000. Tafadhali tafakari mpaka tarehe 30. Baada ya hapo dondosha kete.